Mkono wa Bibi, Mdomo wa Baba

Nilipokuwa mtoto wa umri wa kuchunga ndama, nyumbani kwetu kulikuwa na neno moja ambalo bibi yangu hakulitamka kamwe. Neno hilo lilikuwa jina la baba yangu. Baba aliitwa Anselmi, jina alilopewa misheni siku alipobatizwa akiwa kijana. Na bibi, mama mzazi wa mama yangu, alilizunguka jina hilo kama mtu anavyozunguka tundu la nyoka. Alimwita Baba Petro, kwa kuwa Petro ni mimi. Alipolazimika kumtaja mfua chuma wa kijiji cha pili, ambaye kwa bahati mbaya naye alibatizwa Anselmi, alisema, "yule mfua chuma mwenye jina la watu."

Waliokulia upande wetu wa Bukombe katika miaka ile hawahitaji kuelezwa zaidi. Kwa ajili ya wengine, nitasema tu kwamba mwanamume na mama mkwe wake hawakutazamana usoni, hawakula chombo kimoja, hawakuwa chini ya paa moja kwa wakati mmoja, na hawakutajana majina. Kila katazo lilikuwa na adhabu yake. Mwanamume aliyemwona mama mkwe wake bila stara, tuliambiwa, angetetemeka viungo mpaka afe. Mwanamke aliyelitamka jina la mkwe wake alikuwa amemchimbia kaburi. Jina likishatoka kinywani mwake, ardhi imekwisha kulisikia.

Sisi watoto tuliliona jambo hili kuwa mchezo mzuri. Bibi alipokuja kututembelea, baba alikohoa kuanzia mbali kama mgonjwa wa kifua, ili bibi apate muda wa kujificha. Jirani yetu mmoja, mzee mcheshi asiyejua kuona haya, alipenda kumwonea.

"Baba Petro!" alipiga kelele siku moja tukilima. "Mama mkwe huyo nyuma yako!"

Baba alijitupa ndani ya mtama pamoja na jembe lake. Hapakuwa na mtu. Mzee alicheka mpaka akakaa chini, na baba alipotoka, akijipangusa vumbi, naye alicheka. Ninaikumbuka sana siku hiyo, kwa sababu ninapojaribu kukumbuka mara nyingine baba akicheka hivyo, siipati.

Wakati wa kiangazi, mama alishikwa na uchungu kabla ya mwezi wake. Bibi alikuwa amekwisha kufika, maana yeye ndiye aliyekuwa mkunga wa binti zake wote. Shangazi alitumwa mbio ng'ambo ya mbuga kumwita mwalimu wa dini, kwa sababu bibi alipolipapasa tumbo la mama alitikisa kichwa. Ndani wakabaki wawili, mama na bibi. Nje, nyuma ya nyumba, alisimama baba, na mimi kando yake, chini ya kitundu cha ukutani ambacho kilikuwa dirisha letu.

Ilikuwa mchana, jua likiwa juu kabisa. Mtoto alizaliwa bila kulia. Tulisikia bibi akimpulizia, akimpigapiga kwa kiganja, akimpulizia tena. Kisha ikasikika sauti ndogo, nyembamba, kama ya kifaranga aliyefunikwa na kikapu.

Sharti nieleze namna walivyosemezana, kwa kuwa mambo yote yaliyofuata yalitokana nayo. Baba na bibi walisikiana vizuri kabisa. Ukuta ulikuwa wa udongo na fito, na kitundu kilikuwa wazi. Lakini hawakuweza kuambiana neno moja kwa moja. Kila neno lilipitia kwangu.

"Petro," alisema baba, "muulize bibi yako mtoto yu hali gani."

Nikafungua kinywa, lakini bibi alijibu kabla sijauliza. Alinijibu mimi. "Petro, mwambie baba yako mtoto ni wa kiume, na hatafika jioni."

Baba alijipangusa uso. Alikuwa ameihifadhi katekisimu yote, na swali hili alilijua kama anavyojua njia ya kisimani: katika hatari ya kufa, mtu yeyote aweza kubatiza, mwanamume au mwanamke, hata asiyebatizwa mwenyewe, maadamu anakusudia kutenda lile litendwalo na Kanisa. Bibi hakuwa Mkristo, na hilo halikuwa kizuizi. Mtoto akifa bila ubatizo, tulifundishwa siku zile, hateswi, lakini hatauona uso wa Mungu milele, na hazikwi katika ardhi iliyobarikiwa. Kwa baba, jambo lililokuwa mbele yetu lilikuwa hilo tu: mtoto apate mlango, au abaki nje.

"Petro, mwambie bibi achote maji safi mtungini."

"Nimekwisha kuchota," bibi aliniambia.

"Mwambie ammiminie kichwani, yatiririke juu ya ngozi. Na anapomimina aseme: Nakubatiza Anselmi, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Hatukusikia maji yakimiminwa.

"Petro," alisema bibi hatimaye, "muulize baba yako, mtoto huyu amemwita nani?"

"Anselmi," nilisema.

"Jina hilo nilitamke mimi? Kwa kinywa hiki? Anataka nimzike?"

"Mwambie ni jina la mtakatifu, si langu."

"Mtakatifu huyo simjui. Huyu aliye nyuma ya ukuta namjua."

Ndipo nikaisikia sauti ya mama, ikitoka chini sana, sauti ya mtu aliyeishiwa damu. "Mama, sema. Mtoto anapoa. Sema tu."

"Mwanangu, nitakufanya mjane siku uliyojifungua? Mtoto huyu anaondoka hata nikisema. Mumeo bado yuko. Nikiwapoteza wote wawili nitakutazama vipi?"

Sikuelewa wakati ule kwamba bibi alikuwa akimpenda baba. Kwangu lilikuwa jambo la ukaidi. Leo najua kwamba mwanamke yule, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kumtazama mkwe wake machoni, alikuwa akimlinda kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na silaha yake ilikuwa kufunga mdomo.

Baba alikiweka kipaji cha uso ukutani. Je, asingeweza kuzunguka nyumba na kuingia, mnauliza. Mimi mwenyewe nimeuliza. Lakini ndani bibi alikuwa amejifunga kitambaa kiunoni tu, kama wakunga walivyofanya kazi, mikono yake imejaa damu ya binti yake. Na hakuna mwanamume wa ukoo wetu, mbatizwa au asiyebatizwa, ambaye miguu yake ingekubali kumpeleka pale. Miguu ya baba haikukubali. Niliiona ikianza kwenda, kisha ikasimama.

"Basi," alisema, "Petro, mwambie bibi amimine yeye. Nitasema mimi."

"Hilo naliweza," alijibu bibi upesi.

Baba akanyoosha mgongo, akalitazama jua, akayasema maneno yote kwa sauti kubwa, neno baada ya neno, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Na tulisikia maji yakitoka katika kata, yakianguka ndani ya chungu. Mtoto akalia. Safari hii alilia kwa sauti ya mtoto halisi.

"Amelia," mama alisema ndani. Nadhani alikuwa akitabasamu.

Baba alipiga ishara ya msalaba, akanishika kichwa. "Ndugu yako sasa ni wa Mungu," aliniambia. Nisikilizeni: kwa muda wa mchana mmoja tulikuwa na furaha katika nyumba ile. Mtoto alikata roho jua likitua, kabla shangazi na mwalimu wa dini hawajaonekana mbugani, na hata hivyo hakuna aliyepiga yowe. Baba alikaa uani, akachoma msumari motoni, akaandika jina kwenye msalaba mdogo wa mninga. ANSELMI. Herufi zilipinda kidogo mwishoni, kwa sababu ubao haukutosha.

Kesho yake asubuhi tulikwenda misheni. Baba alitangulia akimbeba mtoto katika kitambaa, mimi nikafuata na msalaba, na bibi akaja nyuma kabisa, mbali, akiitazama ardhi. Padre alikuwa Mzungu mwenye ndevu ndefu, aliyekisema Kisumbwa chetu kama mtu aliyenyonyeshwa nacho. Hakuwa mtu mkali. Nalisema hili mapema ili msimlaumu bure.

"Alibatizwa?" aliuliza.

"Ndiyo, Padre. Kwa maji na kwa maneno."

"Deo gratias, Mungu ashukuriwe. Nani alimbatiza?"

"Sisi."

Padre akainua uso. "Sisi nani, Anselmi?"

"Mama mkwe wangu alimimina. Mimi nilisema."

Nilimwona padre akivua miwani. Aliifuta kwa kanzu yake, akaivaa, akaivua tena. "Yeye hakusema neno lolote? Fikiri vizuri, mwanangu. Hakuyarudia maneno, hata kwa kunong'ona?"

Baba aliinamisha kichwa. Padre akatoka, akamfuata bibi alikokuwa amesimama ameligeuzia jengo mgongo. Nami nilimfuata.

"Mama," alisema kwa upole, "ulipokuwa ukimmiminia maji, ulisema nini?"

Uongo mdogo tu ungetosha. Padre, naamini, alikuwa akiusubiri. Lakini bibi hakujua kwamba neno lake lilikuwa ufunguo. Alifikiri anaulizwa kama alimtendea mtoto vizuri.

"Nilisema, pole mjukuu wangu, maji ni baridi."

Padre alirudi, akamweleza baba pale barazani. Maelezo hayo nimeyasikia tena mara nyingi katika maisha yangu, katika lugha nyingine na kutoka kwa watu wenye elimu kubwa, lakini hakuna aliyeyaeleza kwa ufupi kuliko yeye. Maji yalikuwa maji ya kweli. Maneno yalikuwa maneno yenyewe. Nia ilikuwepo, pengine kuliko nia ya wengi. "Lakini sikiliza neno lenyewe, Anselmi. Nakubatiza. Ndani ya neno hilo kuna mtu. Ni mimi, huyu ninayekumiminia, ndiye ninayekubatiza. Wewe uliyesema hukumimina. Yeye aliyemimina hakusema. Mmoja akitamka kiapo na mwingine akainua mkono, ni nani aliyeapa?"

"Kwa hiyo?" aliuliza baba.

"Kwa hiyo hakuna aliyebatiza."

Mtoto alizikwa ng'ambo ya ua wa miti ya minyaa uliozunguka makaburi, upande wa watoto wasio na ubatizo. Padre alivua kanzu, akashika jembe, akachimba na kufukia pamoja na baba. Nilipouleta msalaba, padre aliulaza kiganjani, akalisoma jina, akamrudishia baba. "Hili hakulipata," alisema. Baba aliuchomeka msalaba mkandani, akarudi nao nyumbani, akauingiza katikati ya fito za paa.

Jioni ile bibi alitoa onyo lake. Alilitoa kwa mama, kwa sauti ya chini, na mimi nililisikia kwa kuwa nilikuwa nimelala karibu. "Jina si kaniki, kwamba mtu avishwe asubuhi na kuvuliwa jioni. Mtoto aliyevuliwa jina hatulii. Atarudi kulitafuta, na atalitafuta kwa mwenye nalo."

Siku za uzazi zilipokwisha, mama alikwenda misheni peke yake. Aliniambia mwenyewe miaka mingi baadaye alichomwuliza padre. "Mnatufundisha kwamba mume na mke ni mwili mmoja. Je, ningemimina mimi na yeye akasema?" Padre alimjibu kwamba hata hivyo isingefaa. "Basi si mwili mmoja," mama alimwambia, akaondoka. Aliendelea kwenda misa kila Jumapili mpaka alipokufa, lakini alipotoka kanisani hakugeuza kichwa upande wa minyaa.

Mimi nilisoma. Nilifika chuo kikuu, nikafundisha hesabu maisha yangu yote, na tabia ya kupima kila jambo kwa sehemu zake sikuiacha darasani. Chuoni nilikaa chumba jirani na padre kijana aliyekuwa akisoma historia. Usiku mmoja nilimweleza kisa hiki kama kisa cha watu wengine, nikamwomba anionyeshe kosa lilipo. Alinionyesha palepale alipoonyesha yule mwenye ndevu. Kisha akaongeza, bila kujua anamwambia nani: "Jambo la kusikitisha ni kwamba hawakulihitaji jina. Jina ni desturi njema, si sehemu ya sakramenti. Yule bibi angesema tu, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, akaacha jina, mtoto angebatizwa kikamilifu."

Nilimshukuru, nikaenda kulala. Tangu siku hiyo nimeifanya hesabu ile kwa kila njia. Kama baba angechagua Yohane. Kama angesahau jina kwa hofu. Kama angenituma mimi niingie, ambaye maneno niliyajua na makatazo hayakunihusu sana. Kila mlango ulikuwa wazi, isipokuwa ule mmoja waliouendea. Niliwahi kumwuliza mama kwa nini baba alichagua jina lake mwenyewe. "Alitaka mtoto aondoke na kitu cha baba yake," alisema. "Alikuwa na kitu gani kingine?"

Baba hakuongoza tena sala za jioni pale kijijini. Katika miaka ile habari za dhahabu ya Geita zilikuwa mpya, na vijana walipita kwetu na mabegi ya ngozi, wakienda kuomba kazi ya kuchimba. Siku moja aliungana nao. Bibi alipopata habari alimtuma mama amzuie njiani, na mama alikwenda, akamkuta ng'ambo ya kijito.

"Mama anasema usishuke ardhini," alimwambia. "Huko ndiko mtoto aliko. Anasema atakutafuta huko."

Baba, kwa maelezo ya mama, alifikiri kidogo. "Akinipata," alisema, "mwambie mama yako kwamba nitamwachia jina lote."

Shimo liliporomoka katika msimu wa mvua uliofuata. Waliokuwa chini, baba akiwa mmoja wao, hawakutolewa. Udongo ulikuwa tope, na walioshika majembe juu walikuwa wachache. Habari ililetwa na kijana wa Didia aliyekuwa akirudi kwao, aliyetwambia akiwa amesimama mlangoni, akakataa hata maji. Mimi ni mtu wa hesabu. Najua kwamba mashimo ya namna ile yaliwaporomokea watu wenye kila aina ya majina, na kwamba onyo la bibi lisingesimama mbele ya mtihani wowote wa haki. Lakini sijawahi kuthubutu kumwambia mtu kwamba bibi alikosea. Alichokisema kilitokea, mahali alipopataja.

Mama aliushusha msalaba kutoka kwenye fito za paa, mweusi kwa moshi, akaupeleka misheni. Padre hakuuliza swali hata moja. Anselmi huyu alibatizwa sawasawa. Aliyemmiminia maji ndiye aliyesema. Hapakuwa na maiti, lakini aliruhusu msalaba usimikwe ndani ya ardhi iliyobarikiwa, karibu na ua, akausomea sala za wafu. Hivyo ndivyo ikawa kwamba mtoto yuko nje ya ua bila jina, baba yuko ndani ya ardhi ya Geita bila kaburi, na jina lao liko mahali ambapo hakuna hata mmoja wao.

Watu walipoondoka, bibi alibaki. Sasa aliweza kusogea karibu, maana hapakuwa na mkwe wa kumkimbia. Alikuja na kata ya maji, nami nilidhani anataka kunywa. Alisimama mbele ya msalaba kwa muda mrefu, akautazama moja kwa moja usoni, jinsi ambavyo hakuwahi kumtazama mwenye jina. Kisha akainua kata, akaanza kumimina, polepole, maji yakitiririka juu ya herufi zilizopinda, na huku akimimina akasema kwa Kiswahili chake kizito, maneno aliyoyasikia kupitia ukutani:

"Nakubatiza, Anselmi, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Hakuruka neno. Alipomaliza alinigeukia. "Petro, nimesema vizuri?"

"Vizuri, bibi," nilisema.

Siku hizi mapadre hufundisha kwamba watoto wa namna ile tuwaachie huruma ya Mungu, na pengine ndivyo ilivyo. Lakini wote ambao ningewapelekea habari hiyo wamekwisha kuondoka. Ninachobaki nacho ni bibi pale karibu na minyaa, na hesabu yake ninaijua kwa moyo. Maji yalikuwepo. Maneno yalikuwepo, yote, na kwa mpangilio wake. Nia ilikuwepo. Mkono na mdomo vilikuwa vya mtu mmoja. Hapakuwa na kasoro yoyote ambayo padre yeyote angeweza kuionyesha, ila kwamba mbele yake palikuwa na kipande cha mti, na maji yale yalishuka mpaka chini, yakaingia ardhini, na hakuna aliyelia.